Fundi wa Sabuni Anajibu: Kostiki Niliyouziwa ni Feki?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko Tanga, napika sabuni ya nazi mwaka wa pili sasa kwa vipimo alivyonipa shangazi, kilo 3 za mafuta ya nazi kwa gramu 520 za kostiki soda, na haijawahi kunisumbua. Juzi mafuta ya nazi yalipanda bei nikaona nihamie mawese, kila kitu nikaacha vilevile, maji yaleyale, kostiki ileile. Sabuni imeganda vizuri tu ila ukiikata inavunjika kama chaki, juu imeota unga mweupe, na jirani yangu aliyefulia mashuka mawili anasema vidole vyote vimechubuka. Je, nimeuziwa feki?
Wa Chumbageni

JIBU: Marahaba. Muuza kostiki mwache, hana kosa, tena ingekuwa feki jirani angefua mashuka yake akaanika akalala. Kosa liko kwenye hilo neno lako "kila kitu nikaacha vilevile", maana mafuta hayalingani kwa kunywa kostiki.

Iko hivi. Mafuta ukiyatazama kwa ndani kabisa, kila chembe ni gliserini moja iliyoshika mikia mitatu ya asidi ya mafuta, na kostiki kazi yake ni kuingia hapo na kuibandua ile mikia, mkia mmoja kwa kostiki moja, sio nusu sio mbili. Mkia ukishashikana na sodiamu ya kwenye kostiki ndo tayari sabuni, ile gliserini inabaki humohumo ndani ya mche na ndo inayofanya sabuni ya kienyeji isikaushe ngozi sana. (Aliyelifumbua hili ni Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, kitabu chake kilitoka 1823, yaani watu walishapika sabuni karne na karne bila kujua ndani ya chungu kuna nini. Mzee aliishi mpaka miaka 102.)

Sasa nenda sokoni nunua kilo ya dagaa na kilo ya jodari. Mzani unasema sawasawa, ila hebu hesabu vichwa! Nazi ni dagaa, karibu nusu ya mikia yake ni ile mifupi inaitwa lauriki, kaboni 12 tu, wakati mawese mingi ni mirefu ya kaboni 16 na 18. Kwa hiyo kwenye kilo ya nazi vichwa, yaani idadi ya hiyo mikia, ni vingi zaidi, na kinachokunywa kostiki ni vichwa sio kilo. Ndo maana kilo ya nazi inataka gramu 183 hivi za kostiki, ya mawese 142 hivi, ya alizeti inashuka mpaka 135 hivi.

Shangazi yako mjanja sana, nazi kilo 3 zingekunywa 549 yeye akakupa 520 makusudi, ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na sabuni iwe laini mkononi. Ila mawese kilo 3 mwisho wake ni 426, we umetia 520, kwa hiyo gramu 94 zimekosa mkia wa kushika zikabaki zinazurura ndani ya sabuni zinatafuta kitu cha kula, na zimempata jirani. Ule unga mweupe nao ni kostiki iliyokutana na hewa ikageuka kitu cha ukoo wa magadi.

Usiitupe. Vaa glavu na miwani, ikwangue yote kwa kile kikwangulio cha karoti, tia kwenye sufuria la chuma cha pua na maji kidogo, moto mdogo, halafu ongeza mawese gramu 850 taratibu huku unakoroga mpaka iwe kama ugali mlaini unaovutika. Ikipoa jaribu kwa ile karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa sabuni, ikisoma 9 au 10 mpelekee jirani mche wa pole. Safari nyingine kwa mawese kilo 3 weka kostiki 405, na upime kwa mzani tafadhali, maana lita ya mafuta sio kilo, ni kama gramu 920, najua wengi mnapima kwa chupa ya maji.

SWALI: Nilimimina kostiki na maji kwenye sufuria la mama la pilau, likaanza kutoa mapovu na mvuke bila moto, sasa jeusi ndani. Ni nini?
Kijana wa Moro

JIBU: Pole kwa mama. Hilo ni la alumini, na kostiki inakula alumini kweli kweli, mapovu yale ni gesi ya hidrojeni ambayo ikikutana na moto inawaka, shukuru hukuwa karibu na jiko. Joto lenyewe ni la kawaida, kostiki ikiyeyuka inaweza kuyapandisha maji hadi nyuzi 80 na zaidi. Tumia ndoo ngumu ya plastiki, nje penye upepo, tia kostiki kidogokidogo ndani ya maji, usije ukamwagia maji juu ya kostiki itakurukia usoni. Ikikugusa ni maji tu, mengi, dakika 20 bila kuchoka, siki achana nayo, na kama ni jichoni osha hivyohivyo afu kimbia hospitali.

SWALI: Kwani siwezi kutumia magadi ya kupikia maharage badala ya kostiki?

JIBU: Ukitia kwenye mafuta mazuri utakoroga mpaka jioni yaelee tu juu. Magadi ni kabonati, ni mapole, hayana nguvu ya kuibandua ile mikia. Kwenye mafuta machakavu yaliyochacha, kama ya kukaangia chipsi, utaona kaulendalenda ka sabuni sababu baadhi ya mikia imeshajibandua yenyewe. Wazee wa zamani walikuwa wanachemsha magadi na chokaa, chokaa inatulia chini juu inabaki kostiki yenyewe, inafanya kazi kabisa, shida ni kwamba hujui umepata kali kiasi gani na hesabu zote za hapo juu zinakufa. Mi ningenunua ya dukani, kopo lililofungwa vizuri, maana likikaa wazi linanyonya unyevu na hewa, na gramu 405 zako zinakuwa sio 405 tena.