Barua kwa Mwanangu: Usiku Niliokimbilia Korido

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema mwenzako wa chumba huamka kila alfajiri kuswali, nawe unabaki umejilaza ukimsikiliza, na tangu uanze kumsikiliza sala zako zimekuwa nzito mdomoni. Unaniuliza: "Mama, imani yangu inaondoka?"

Mimi nilichosikia ni kwamba unamwonea wivu. Nitajibu hilo, maana hilo nalijua.

Habari za bibi yako kulazwa unazijua, lakini unazijua zile za kuchekesha, alivyogombana na daktari kwa ajili ya miwani. Usiku wenyewe sijawahi kukusimulia.

Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja Mwislamu, mtu mzima, akiuguzwa na binti yake ambaye alikuwa rika langu. Kila alfajiri binti huyo alitandika mswala katika kijinafasi kilichokuwa kati ya vitanda, akaniomba kwa adabu nisogeze viatu. Mimi nilikuwa na rozari mkononi, vidole vinahesabu, macho yako kwenye dripu. Salamu Maria hamsini, na hata moja sikuwepo. Yeye alisimama, akainama, akasujudu, na kwa muda ule ungedhani hapakuwa na mgonjwa wala daktari duniani. Nilimwonea wivu. Sikutaka kuwa yeye. Ulikuwa wivu wa mtu aliyeachiwa nyumba kubwa na wazazi wake akawa analala sebuleni tu, kisha akamwona jirani anaingia vyumba vyake vyote na taa mkononi.

Unajua nilivyokuwa siku hizo. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa dini zote, bibi yako ndiye aliyekuwa mkali, asiyetaka hata kalenda ya dhehebu jingine ukutani. Nilizoea kumchokoza kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu: kwamba tangu Oktoba 1965 Kanisa limetamka halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Naye hunijibu bila kuinua kichwa: "Sawa. Hawakusema uache kusali."

Basi usiku ule, kama saa nane, hali ya yule mama ikabadilika. Binti akawa anamtamkisha shahada sikioni, taratibu, neno kwa neno. Katikati akanigeukia: "Dada, mshike mkono wa upande huo. Muombee, kwa namna yako."

Nikamwambia, "Ngoja nimwite nesi."

Nesi alikuwa ameshaitwa. Nilijua. Nilitoka nikasimama kwenye korido nikisoma tangazo la kunawa mikono, nikalisoma mpaka likakaa kichwani. Hata leo naweza kukutajia hatua zote.

Niliporudi, pazia limesogezwa. Bibi yako, yule yule wa kalenda, amenyoosha mkono juu ya ile nafasi ya mswala na kuushika mkono wa yule mama, midomo inacheza. Baba Yetu. Upande huu Baba Yetu, upande ule shahada, sauti za chini, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Yule mama alifariki kabla hakujapambazuka.

Ilinichukua miaka sita kumuuliza bibi yako juu ya usiku ule. Alinijibu, "Nilikuwa macho," akageukia mambo mengine.

Mnanicheka wote ninaposema kwamba imani iko magotini, haiko mdomoni. Nasema tena: iko magotini. Maneno yangu ya "dini zote ni njia moja tu" niliyatamka miaka kumi kwa raha zangu kwa sababu mzigo wangu mwenyewe sikuwahi kuuinua nikajua uzito wake. Siku nilipoombwa kitu kimoja kutoka ndani yake, sikuwa nacho. Ingawa, ukinibana, bibi yako usiku ule nyonga ilikuwa imevunjika, goti halikunjiki. Sasa msemo wangu unasimama wapi? Labda ni magoti aliyokwisha kuyapiga miaka yote ya nyuma. Au labda naipenda tu sentensi yangu.

Mei 2022, Charles de Foucauld alipotangazwa mtakatifu, padre alitusimulia maisha yake nikakaa wima kwenye benchi. Kijana Mfaransa, amelelewa Mkatoliki, imani imemtoka. Mwaka 1883 anaingia Moroko amejigeuza Myahudi, anachunguza nchi kwa ajili ya ramani, na huko anawaona Waislamu wanavyosali. Jambo hilo likamtikisa. Lakini hakusilimu: mwaka 1886 aliingia kanisani Paris akaungama, na miaka yake ya mwisho akaishi na Watuareg, kabila la Waislamu, katika jangwa la Algeria, hadi alipouawa mwaka 1916. Nilifurahi mno. Nilitamani nikupe hadithi hiyo niifunge hapo hapo: unaona, sala ya mwenzako hukurudisha nyumbani.

Lakini yupo mjomba wako. Naye alianza kwa kusikiliza tu, kama wewe, na hakurudi. Ile Krismasi ya kiti kitupu unaikumbuka. Nilikaa miezi minane bila kusema naye. Leo yeye, ambaye nilikuwa namkokota kwenda Misa kwa kumshika sikio, anapiga magoti mara tano kwa siku bila kukumbushwa na mtu. Kwa kanuni yangu mwenyewe ningepaswa kufurahi. Nampenda, namheshimu, nampigia simu kila Idi. Sifurahi. Na siwezi kusema ni imani yangu inayoumia au ni ubishi wa dada mkubwa.

Kwa hiyo unaona nisivyofaa kukuhukumia. Jibu ninalo, lipo kwenye ncha ya ulimi, na baba yako amesimama nyuma ya kiti ananihimiza niliandike. Siliandiki. Nimefuta mistari miwili hapa, usijaribu kuisoma kwenye mwanga.

Niambie tu hili: mwenzako anapoamka, wewe hujifanya umelala?

Rozari ya bibi yako ninayo mimi, ile ile. Ukiitaka, sema niitume. Usipoitaka, nyamaza tu, nitaelewa. Nitajitahidi kuelewa.

Mama yako