Dogo usiende Kigali kupiga mashuti 20, nenda kajue senta anautaka mpira wapi

Dogo umeandika una miaka 20, upo Mwanza, umepata klabu ya mpira wa kikapu Kigali nafasi ya pointi gadi, yule anayeongoza mchezo, wiki ijayo unaondoka. Umeuliza mazoezi ya gym, mshahara, nyumba na namna ya kuzoeana na timu. Halafu mwishoni kabisa ukachomeka kwamba meneja wako kakwambia mechi za mwanzo "ujimwage", upige mashuti hata 20 wajue nani kafika. Nimeisoma hiyo nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo sicho.

USIFANYE HIVO. Nakuomba kabisa.

Mimi nilienda Kigali 2016 nikiwa na miaka 21, namba moja, yaani pointi gadi kama wewe, nimetokea Dar, mtaani kwetu hakuna aliyekuwa ananikaba. Niliacha chuo mwaka wa pili, mama analia mimi namwambia ndani ya miezi sita nakujengea. Aliyenipeleka ni jamaa anayejiita wakala, na maneno aliyonipa ndo hayohayo umepewa wewe, utadhani wanakariri sehemu moja. Kwamba pale kuna pointi gadi mzee, usimsikilize, anataka kukuzima. Kwamba timu ikikuleta kutoka nje inataka pointi, pasi watatoa wenyeji. Nikabeba kama nilivyopewa. Mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye robo ya nne na mpira mkononi akanifundisha namba moja anaishije kwenye timu, na mimi mwenye mpira tangu darasa la tano nikamuamini!! Hili ndo linaniuma mpaka leo kuliko hata hela aliyokula.

Sasa sikiliza kilichotokea. Senta wetu, yule anayecheza karibu na kikapu, alikuwa Mkongo wa Goma, mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kule. Mazoezini anakuja kuniwekea skrini, yaani kusimama amzuie beki wangu, mimi nampungia mkono aondoke nipate nafasi ya kudribo. Anaenda anakaa chini ya kikapu upande wa kushoto, mgongo ameshamweka beki, mkono wa kulia ameunyoosha hewani vidole vimefunguka, anasema "mutoto, mimi niko hapa". Mimi bado nadribo. Na dogo, wewe sheria unaijua, pale ndani ana sekunde 3 tu, zikiisha lazima atoke. Kwa hiyo ukimchelewesha sekunde moja umemlazimisha atoke, aanze upya kusukumana na jitu la kilo 110 kugombea ileile nafasi aliyokuwa ameshaishinda. Mfanyie hivo mara nane kwenye mechi moja uone kama mara ya tisa atakimbia. Hakimbii! Na wala hagombani na wewe, anapunguza tu mwendo, unafika mbele uko peke yako unashangaa mbona timu nzito leo.

Kuna mwingine alikuwa anapiga kutoka kona ya kushoto. Pasi zangu zote kwake za kifuani, kali, kama nilivyofundishwa, na kila mara anaidaka vibaya, anairekebisha, beki ameshafika. Nikawa nasema huyu hana mikono. Nilikuja kujua siku naaga kwamba aliwahi kuvunjika kidole cha shahada mkono wa kulia, mpira wa juu unamuumiza, anautaka chini usawa wa kiuno. Yule pointi gadi mzee, miaka 34, magoti yote yamefungwa bandeji, alikuwa anampelekea pale pale kiunoni kila siku mbele ya macho yangu na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilikuwa namwangalia yeye nikiona mtu asiye na spidi.

Mechi ya nne, pale Petit Stade Remera, tumezidiwa pointi moja zimebaki sekunde 14. Kocha amechora kwenye ubao: skrini juu, senta anashuka, mimi nampa, basi. Mpira unaingizwa, Mkongo anakuja kuweka skrini, nikampungia mkono. Nakumbuka kabisa alivyosimama akaniangalia, hakushangaa. Nikaenda kulia, wakanifunga wawili, nikageuka, mpira ukagonga mguu wangu ukatoka nje. Chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyenigombeza. Watu wanavua viatu, wanaongea Kinyarwanda na Kifaransa taratibu, mmoja ananipitishia maji bila kuniangalia. Mechi iliyofuata nilicheza dakika 6, ya pili yake 2, halafu sikuingia tena. Miezi mitatu ya majaribio ilipoisha nikaitwa ofisini, mkataba hauendelei. Basi kutoka Kigali, Rusumo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, naijua hiyo barabara kila kituo maana sikulala. Wakala simu yake haikupatikana tangu Rusumo. Chuo nilirudi baadaye kuanza mwaka wa kwanza upya.

Umesema unataka kuwa Stephen Curry wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Sawa, ni wa kumtamani. Tena 2009 kwenye drafti, timu zinapochagua vijana wapya, alichaguliwa wa 7, mwaka uleule Hasheem Thabeet wetu kachaguliwa wa 2 na Memphis. Ila alipofika timu yake ya Warriors alimkuta gadi mwenyeji, Monta Ellis, ambaye alisema hadharani kwamba wao wawili hawawezi kucheza pamoja kwa vimo vyao. Yaani unafika kazini mwenyeji anakukataa mbele ya waandishi! Msimu huo wa kwanza Curry alimaliza na wastani wa pointi 17.5 na asisti, yaani pasi za kufungisha, karibu 6 kwa mechi. Angalia hizo asisti dogo. Na Ellis aliuzwa Milwaukee Machi 2012, miaka miwili na nusu mbele. Muda wote huo ilibidi waishi hivohivo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: KABLA HUJAPIGA SHUTI LAKO, JUA KILA MMOJA WA WALE WANNE ANAUTAKA MPIRA WAPI, MKONO GANI, NA SAA NGAPI. Nunua daftari la kawaida, kila mchezaji ukurasa wake. Usikisie, kamuulize. Mkae kwenye basi umuulize kaka, wewe ukitoka kwenye skrini unataka pasi ya kudundisha au ya juu? Atakushangaa mara ya kwanza, halafu ataongea mpaka mshuke, maana wachezaji wengi hakuna aliyewahi kuwauliza. Na yule mwenye namba yako, mzee wao, ndo wa kukaa naye kuliko wote. Meneja wako atakwambia ni adui. Yeye ndo amebeba lile daftari kichwani, na miguu yake inamwambia kabisa kwamba karibu ataliacha kwa mtu.

Jifunze pia kusema kwa sauti, hata maneno kumi ya Kinyarwanda ya uwanjani, kulia, kushoto, skrini, rudi. Una sekunde 8 kuvuka kati na 24 za kushambulia, hakuna muda wa kutafsiriana.

Kuhusu mkataba, muulize huyo meneja kama ana leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, akuonyeshe, na barua yako ya kuachiwa kutoka TBF, shirikisho letu la Tanzania, iwe imeshatoka kabla hujapanda basi. Akianza kuzunguka maneno hilo ni jibu tosha. Na angalia kama kuna kipindi cha majaribio, mimi cha kwangu kilikuwa ukurasa wa tatu na niliuruka.

Mashuti yako hayaendi popote dogo, yatakuja yenyewe mabeki wakishaanza kumuogopa senta wako. Ukifika, wiki ya kwanza ikiisha, rudi hapa kwenye uzi uniandikie kitu kimoja tu: senta wenu akikaa ndani anageukia bega gani. Usiponiandikia nitakutafuta inbox.