Nishani ya Aliyejeruhiwa: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza askari aliyepigwa risasi kabla hajafyatua hata moja anastahili vipi nishani kama Purple Heart, ile ambayo Marekani huwapa askari waliojeruhiwa na adui, na unasema nishani ni ya aliyetenda, si ya aliyetendwa.

Swali lako limenirudisha wodini. Nilimhudumia askari mmoja, kijana, mwenye kidonda cha paja. Kila asubuhi nililowesha bandeji kwa maji ya chumvi ili isiondoke na nyama, naye akishika chuma cha kitanda mpaka kitanda kizima kikatetemeka. Siku ya tatu akaniambia, "Sista, mimi nilikuwa nachota maji tu. Nitawaambia nini nyumbani?" Kilichomuumiza kuliko paja ni kwamba hakuwa anapigana.

Hiyo Purple Heart ya Marekani uliyoitaja, yenye moyo wa zambarau na sura ya George Washington, rais wao wa kwanza, katikati, asili yake inakuunga mkono. Mwaka 1782 Washington alianzisha kipande cha kitambaa chenye umbo la moyo kwa askari wa kawaida aliyefanya jambo la pekee. Kikasahaulika, kikafufuliwa kama nishani mwaka 1932, miaka 200 tangu azaliwe. Mwaka 1942 ndipo ilipotengwa kwa waliojeruhiwa au kuuawa na adui tu. Tangu hapo haisubiri mkubwa akupendekeze. Adui akikujeruhi, jeraha likahitaji tiba na likaandikwa, nishani ni haki yako. Hakuna anayepima ujasiri wako.

Na jambo hili sijaweza kulisahau tangu nilisome. Mwaka 1945, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kuivamia Japani, zilitengenezwa karibu nishani 500,000 za aina hiyo. Vita vikaisha kabla ya uvamizi, na zilizobaki zikagawiwa kwa miongo kadhaa, katika vita vingine. Nishani zilikuwa tayari zimepangwa makasha kwa makasha, wa kuvalishwa wangali wazima, wanacheka na wenzao. Waliowatuma walijua. Askari nao walijua, na bado walikwenda. Mimi naona tendo unalolitafuta ni hilo la kwenda. Risasi inampata nani, hilo halimo mikononi mwa mtu.

Kama unataka kugombana na nishani hii, gombana na wale inaowaacha nje. Mtikiso wa ubongo unahesabiwa: makombora ya Iran yalipopiga kambi ya Al Asad, Iraki, Januari 2020, askari wengi wa Marekani ambao hawakutoka hata tone la damu walikuja kuipata nishani hii. Lakini aliyerudi hawezi kulala, anayeshtuka mlango ukibamizwa, hapewi kwa sababu hiyo. Kanada, katika nishani yao ya majeruhi iliyoanzishwa 2008, wanakubali maradhi ya akili yaliyotokana moja kwa moja na shambulio la adui. Wamefanya vyema. Nimekesha na wagonjwa wa aina zote mbili, na sijui kwa nini kidonda kihesabiwe kwa sababu tu kinafungika bandeji.

Yule kijana nilimwambia, "Waambie ulikuwa unachota maji, na wenzako walikuwa na kiu." Akanyamaza, kisha akakiachia kile chuma cha kitanda, nikamalizia kumfunga.

Mama yako