Siku nne Hainan: tuone nini, tuache nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tunasoma Guangzhou. Mwisho wa Novemba tutapata mapumziko ya siku nne na tunataka kwenda kisiwa cha Hainan. Tumeandika Haikou, Sanya, sanamu ya Nanshan, kisiwa cha nyani, Mlima Wuzhi na fukwe. Tutawahi yote? Na twende kwa treni au kwa ndege?
Msomaji, Guangzhou

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamtawahi, na mlima ndio wa kwanza kuacha. Wuzhi uko katikati ya kisiwa, ilhali reli inazunguka pwani. Barabara ya kupanda huko itawalia siku nzima.

Pandeni ndege, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mimi mwaka 2012 nilikwenda kwa treni, enzi zile mabehewa ya abiria yalipokuwa yakikatwa na kusukumwa ndani ya meli ili kuvuka mlangobahari wa Qiongzhou. Usiku wa manane niliamshwa na ngurumo za vyuma, nikachungulia dirishani nikaona ukuta wa meli, karibu niuguse. Nilifurahi mno, lakini nilifika hoi na siku ya kwanza nikailalia. Ninyi hamna siku ya kulalia.

Mkitua Meilan, Haikou, msiingie mjini kwanza. Stesheni ya treni ya mwendokasi iko hapohapo uwanjani, na kwa njia ya mashariki mtafika Sanya baada ya saa mbili hivi. Pasipoti iwe mkononi, maana tiketi hukatwa kwa pasipoti. Sanya laleni Dadonghai. Ni ufuko wa mjini, hauna kiingilio, na jioni mnateremka kuoga kwa miguu yenu.

Siku ya pili, Nanshan. Sanamu ya Guanyin, mtakatifu wa huruma wa Wabuddha, ina urefu wa mita 108, imesimama baharini, na ina nyuso tatu: mmoja unatazama nchi kavu, mbili zinatazama bahari. Nendeni asubuhi kabla jua halijakaza. Mkirudi mtapita Tianya Haijiao, penye majabali yaliyochongwa maandishi. Kwangu mimi nusu saa inatosha pale.

Siku ya tatu ndiyo ninayoipigania. Nendeni Binglanggu, wilaya ya Baoting, kaskazini mwa Sanya. Maana yake ni Bonde la Mipopoo, na popoo ni hiihii ya kwetu. Wahainan nao huitafuna kwa jani la tambuu na chokaa, kama marehemu bibi yangu Tanga. Pale nilikaa karibu saa tatu mbele ya bibi mmoja wa kabila la Li aliyekuwa akifuma. Ameketi chini, miguu ameinyoosha, nyayo zinasukuma mti wa mbele, mkanda umemzunguka kiunoni. Akijivuta nyuma nyuzi zinakaza, akiinama zinalegea. Mwili wake ndio kitanda chenyewe cha mfumi. Usoni ana michoro ya buluu iliyotiwa kwa mwiba tangu usichana wake, na wasichana wa leo hawachorwi tena. Ufumaji huo UNESCO iliuweka mwaka 2009 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, ulikokaa hadi 2024. Nilinunua kwake kipande kisichozidi upana wa kiganja, akanionyesha kwa kidole chura aliyemfuma ndani yake. Ninacho hadi leo.

Siku ya nne rudini Haikou kwa treni ya asubuhi. Nyani wako Lingshui, njiani. Mnashuka, mnapanda kibanda kinachoning'inia kwenye waya na kupita juu ya nyumba za wavuvi zinazoelea. Lakini fanyeni hivyo iwapo ndege yenu ni ya usiku. Ikiwa ni ya alasiri, nyani waacheni, mkatembee mtaa wa zamani wa Qilou, wenye maghorofa ya baraza yaliyojengwa na Wahainan waliorudi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Novemba mmechagua vizuri: vimbunga vingi vimeshapita, na umati wa Mwaka Mpya wa Kichina bado haujafika.