Jiwe la Biskuti: usikimbilie kumsahihisha mtoto

Mzazi ukimfungulia mtoto wa miaka mitatu kitabu cha picha, unaanza kumtahini hata hujajua. "Hii nini? Na hii? Sema vizuri: ki-bo-ko." Dakika mbili haziishi, ameshateremka mapajani kaenda kuchezea masufuria. Ushauri wangu ni huu: mwachie yeye kitabu, wewe sikiliza, na maneno yake yaliyopinda usiyanyooshe kwa nguvu.

Binti yangu anasema "kikobo", "mundapilia" na "helipokta". Sauti zote zipo, zimebadilishana viti tu. Akisema "kikobo anakula", namjibu, "Eeh, kiboko anakula majani. Ana njaa kweli kiboko huyu." Basi. Neno amelisikia lilivyo, hakuaibishwa, na mazungumzo yanaendelea. Simwambii arudie. Kwenye r na l ndiyo sisumbuki kabisa. Sauti ya r watoto wengi huchelewa kuipata, na hapa Usukumani hata watu wazima wanapanda gali kwenda kupiga kula. Bibi yake, mtu wa Magu, humtuma "kalatasi". Sasa nani amsahihishe mwenzake?

Halafu neno lililokosewa huwa linazaa hadithi. Tukipita karibu na kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza, namwonyesha Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyobebana ziwani. Jina ni la Otto von Bismarck, aliyekuwa kansela wa Ujerumani. Mtoto atamjulia wapi? Yeye kasikia Jiwe la Biskuti. Nikamuuliza, biskuti za nani? Za kikobo. Zililowa, ameziweka pale zikauke. Mbona hazili? "Anasubili chai." Ningemkatiza na habari za Wajerumani, chai hiyo nisingeisikia.

Kwenye vitabu ni hivyo hivyo. Tulipata kimoja cha mtumba, chenye picha ya kijiji cha Ulaya kilichofunikwa na theluji. Akapiga kelele, "Pamba!" Na huku ndiko kwenye pamba, huwezi kumlaumu. Nikauliza imetoka wapi, akanionyesha kwa kidole nje kabisa ya ukurasa: kuna lori limepinduka huko, sisi hatulioni. Nikaiacha hadithi ya lori mpaka ikaisha, dereva akatoka salama, ndipo nikamwambia kwamba nchi za baridi huanguka barafu laini nyeupe, inaitwa theluji. Akakubali: theluji ya lori.

Kwa hiyo badala ya "hii nini", jaribu "huyu anakwenda wapi?" au "kisha ikawaje?" Chagua vitabu vyenye picha kubwa na maneno machache. Bei ikikushinda, African Storybook wanaweka mtandaoni hadithi za bure zenye picha, za Kiswahili zikiwemo. Chapisha mbili tatu kwenye duka la fotokopi, maana kwenye simu katuni zikishaingia, hadithi imekwisha. Sisi tunacho pia cha kwetu: picha za kalenda kuukuu na vipeperushi vya matangazo, zimebandikwa kwa gundi kwenye daftari. Sangara, ndizi, tangi la maji. Ndicho anachokipenda kuliko vyote, kimechakaa pembe zote.

Kitu kimoja sikiruhusu: kumwita mtoto mbele ya wageni, "hebu sema tena helipokta," watu wacheke. Mkicheka naye, vizuri. Mkimcheka, analielewa hilo mapema sana, na mara nyingi neno lenyewe hulikwepa.

Utajuaje kama kukosea kwake ni kwa kawaida? Kipimo cha jumla ni kwamba mtu asiyemzoea aelewe kama nusu ya anachosema akiwa na miaka 2, robo tatu akiwa na 3, na karibu chote akiwa na 4. Akiwa nyuma sana ya hapo, au ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki, anzia masikioni, hasa kama huwa yanatoa usaha. Kituo cha afya wanaweza kumwangalia, na hospitali ya Bugando, Mwanza, kuna idara ya masikio, pua na koo. Shangazi akikwambia hata baba yake alichelewa kusema, mwitikie kwa heshima, kisha mpeleke.