Tikisa kikombe, watakoma kumimina

Dada, umeuliza kwa nini wenyeji wenu jangwani Oman waliendelea kuwamiminia kahawa kana kwamba wanawalazimisha. Hawakuwa wanawalazimisha. Kahawa iliendelea kuja kwa sababu mlirudisha vikombe bila kuvitikisa. Kwa Mabedui wa Oman, kikombe kilichorudi kimetulia kinaomba tena. Ukitosheka, kishike kwa mkono wa kulia, kitikise kidogo huku na huku, ndipo umpe anayemimina. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Kinachomuuma mwenyeji ni kukataa kile cha kwanza, kwa hiyo kunywa angalau kimoja, na tende uichukue kwa mkono huohuo wa kulia.

Nakaa Maskati na nimeshakwenda na vikundi mara kadhaa kwenye jangwa la mchanga la Sharqiya (zamani likiitwa Wahiba), kupitia mji wa Bidiya. Mzee mmoja hemani ndiye aliyenionyesha, baada ya kikombe changu cha tano! Ni mila nzito kweli: kahawa hii ya ukarimu iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2015, Oman ikiwemo.

Ila kambi nyingi za watalii zina vijana wa kuajiriwa kutoka nje, na huenda ishara hiyo wasiielewe. Hapo sema tu "bas, shukran".

Na ile nyama ya jioni uliyodhani ni shuwa, nyama ya Oman ya kufukiwa, sidhani ilikuwa yenyewe. Shuwa hasa hufungwa kwa majani ya mgomba au mtende, ikafukiwa kwenye shimo la makaa usiku kucha, hata siku mbili, na mara nyingi ni ya Idi.