Maswali ya wasomaji: Kigari cha mtoto na safari ya ndege

Habari za kazi. Mwezi ujao nasafiri na binti yangu wa miezi kumi kutoka KIA, yaani Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro, kwenda London kupitia Addis Ababa. Wifi yangu anasema kigari cha mtoto kinaingia ndani ya ndege, jirani anasema lazima kiende na masanduku. Nimsikilize nani?
*Mama wa Njiro, Arusha*

Wote wawili wana haki, ila kila mmoja anazungumzia kigari chake. Kuna vigari vidogo vinavyokunjika mpaka vikalingana na begi la mkononi, yaani kama sentimita 55 kwa 40 kwa 20. Hivyo baadhi ya kampuni huviruhusu kwenye kabati la juu ya viti, nafasi ikiwepo. Hayo maneno mawili ya mwisho yasome tena, maana ndege ikijaa, kigari kinateremshwa hata kama umepima kwa rula. Kigari cha kukunja kama mwavuli, na kile kikubwa cha magurudumu matatu, vyote huenda kwenye buti.

Kwa hiyo mama, usihangaike na kuuliza kama kinaruhusiwa. Kampuni nyingi hukichukua bure kigari kimoja kinachokunjika kwa kila mtoto wa chini ya miaka miwili, mradi mtoto awe na tiketi yake, hata kama atakaa mapajani. Uliza utakikabidhi wapi na utakipokea wapi. Unaweza kukiacha kaunta pamoja na masanduku, au ukakisukuma mpaka kwenye ndege na kukikabidhi hapo. Sisi tunashauri hiyo njia ya pili, kwa sababu kati ya kaunta na kupanda ndege unaweza kukaa saa mbili, na mtoto wa miezi kumi si mwepesi.

Hata ukikisukuma mpaka kwenye ndege, lebo hufungwa kaunta. Itazame kabla hujaondoka pale. Ina herufi tatu kubwa za mwisho wa safari ya mzigo: KIA ni JRO, Addis ni ADD, Heathrow ni LHR. Ikiandikwa LHR bila alama ya kwamba kigari kinarudishwa mlangoni, ujue Addis utatembea bila magurudumu na kigari utakikuta London kwenye mkanda wa mizigo. Ukitaka kukitumia Addis, sema hapohapo kaunta. Hata hivyo, wa kukiteremsha na kukuletea mlangoni ni wafanyakazi wa kiwanja cha huko, na siku nyingine hawakileti. Weka khanga mbili au mbeleko kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku.

Kwenye ukaguzi, mtoto hutolewa, kigari kinakunjwa na kupitishwa kwenye mashine ya eksirei. Kisipoingia, hukaguliwa kwa mkono, na hapo kila kilichomo kwenye kikapu cha chini kitatolewa kimoja kimoja huku foleni ikikutazama. Kimwage mwenyewe mapema. Kama mtoto yuko mgongoni, uwe tayari kuambiwa ufungue khanga.

KIA abiria hutembea kwa miguu uwanjani mpaka kwenye ndege, kisha anapanda ngazi. Kigari kinaachwa mguuni pa ngazi, upepo unavuma, watu wako nyuma yako. Mfunge mtoto mgongoni kwanza, halafu ndipo ukunje. Anayeanza kukunja huku mtoto yuko kiunoni atahitaji mkono wa tatu. Kifungo cha kuzuia kisifunguke kibane mpaka kilie "ta", kisha mkabidhi mtu wa mizigo mkononi, usikiegemeze tu kwenye ngazi. Jizoeze nyumbani mara kumi ukiwa umembeba mtoto.

Kigari changu kilirudi kimepinda mguu mmoja wa mbele na kofia ya kivuli imechanika. Nilipokipokea nilikuwa nimechoka, nikaondoka nacho. Sasa ni wiki ya tatu. Kampuni italipa? Na kinatengenezeka?
*Msomaji wa Pasua, Moshi*

Pole sana. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unataka malalamiko ya mzigo ulioharibika yafike kwa kampuni kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea. Wewe uko wiki ya tatu, hivyo barua unaweza kuandika, lakini usiiwekee matumaini. Safari nyingine, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kujazisha fomu ya uharibifu, wenyewe wanaiita PIR. Kisha iandikie kampuni ndani ya hizo siku 7, kwa sababu fomu peke yake wengine huihesabu kuwa taarifa tu. Picha zinasaidia kuliko maneno. Piga mbele, nyuma, magurudumu, na moja inayoonyesha lebo ikiwa imefungwa kwenye kigari kizima.

Kuhusu matengenezo, chukua sumaku, hata ile ya mlango wa friji, uiguse kwenye fremu. Ikinata, ni chuma, na fundi yeyote wa kuchomelea mageti atakiweza. Isiponata, karibu kila mara ni alumini. Usimpelekee huyo fundi: mashine yake ya vijiti itatoboa bomba badala ya kuliunga. Alumini huunganishwa kwa mashine ya gesi ya agoni, na si kila karakana inayo. Mguu uliopinda kidogo bila ufa, fundi baiskeli anaweza kuunyoosha taratibu, ila alumini ikishapinda na kunyooshwa hubaki dhaifu hapo. Ukiona mstari mwembamba kama unywele penye mkunjo, hicho si kigari cha kupandia mtoto tena. Kofia ni kazi ya fundi cherehani, tena ndogo.

Mara nyingi kinachoharibu kigari si uzito wa masanduku. Kigari kinafunguka njiani, gurudumu la mbele linalozunguka huru linanasa mahali, na mtu analivuta kwa nguvu. Kwa hiyo yafunge magurudumu ya mbele yasizunguke, au yachomoe kama yana kitufe. Chomoa pia kishikio cha mbele cha mtoto na kile cha kikombe. Zungusha mkanda wa mzigo au kamba mara mbili, juu na chini. Lebo ifungwe kwenye bomba la fremu, kamwe si kwenye kitambaa wala kwenye kishikio kinachochomoka, na ndani ya fremu bandika solotepu yenye jina lako na namba ya simu.

Cha kukifunika? Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo sahau yale marambo makubwa. Gunia la salfeti la kilo 100, lililooshwa, linafaa vizuri kwa kigari cha mwavuli, ila pima kwanza. Lifunge mdomo kwa kamba, usilishone, kwani mkaguzi akitaka kuona ndani atalikata.

Tunakwenda Zanzibar na ndege ndogo kutoka kiwanja cha Arusha, Kisongo. Twende na kigari?
*Baba wa Sakina*

Kiacheni nyumbani. Ndege ndogo aina ya Caravan hubeba abiria kama kumi na wawili, na kampuni nyingi za ndege hizo zinaruhusu kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwemo, tena begi laini lisilo na fremu. Kigari cha kilo 8 kinakula zaidi ya nusu. Na vichochoro vya Mji Mkongwe havina urafiki na magurudumu madogo.

Mkipitia KIA kwa ndege za mapangaboi kama ATR au Bombadia, kigari kinakwenda, lakini kwenye buti. Makabati yake ya juu ni mafupi, hata kile kidogo cha kukunja huenda kisiingie. Kwenye ATR mlango wa abiria uko nyuma, wa mbele ni wa mizigo, basi msikipeleke mbele mkidhani mnawasaidia.

Kigari chetu kina feni ndogo ya kuchaji. Iende nacho kwenye buti?
*Mama wa Usa River*

Hapana. Ina betri ya lithiamu, na betri ikishika moto kwenye buti hakuna wa kuiona mapema. Ichomoe, izime, iweke kwenye begi la mkononi pamoja na pawabenki. Fanya hivyo nyumbani, maana watu wengi huikumbuka mguuni pa ngazi, kigari kikiwa kimeshachukuliwa.